Nafuu ya Umeme wa Usiku Itufikie Nyumbani

Ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi ya mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani usiku kwa kuwa watumiaji wa umeme wamelala. Mnamo Desemba 2017, wenye viwanda walianza kupunguziwa bei ya umeme wa usiku. Naonelea nafuu hiyo iwafikie pia wenye nyumba.

Nchini Uingereza, kuanzia 1978, wananchi waliweza kununua umeme wa bei ya chini kwa muda wa saa 7 usiku. Matofali yaliyopashwa moto usiku yalitia nyumba joto mchana. Sisi twahitaji maji ya kuoga tu. Achemshaye maji saa nane usiku, akayahifadhi katika tangi lisilopoteza joto, anatumia kilichokuwa kikitupwa. Kwa nini atozwe sawa na achemshaye saa moja jioni, umeme unapogombaniwa?