Mgonjwa wa Kisukari na Keki ya Sherehe

Msimu wa sherehe ukifika, kumbi za Mbeya na Iringa hujaa: kipaimara, sendofu, harusi, jubilei ya ndoa. Katika kila mojawapo, mshereheshaji huwaita wazazi mbele, na mtoto huwalisha keki kwa mkono wake. Kwa mzazi mwenye kisukari, dakika ile ni mtihani. Akikataa, ukumbi mzima utaona kwamba amemkataa mwanawe. Akikubali, atakumbuka sauti ya kliniki iliyomwambia kuwa keki ni mwiko.

Katazo hilo lina nia njema, lakini halifai. Mgonjwa aliyekatazwa kabisa hula kwa siri, kisha huogopa kurudi kliniki. Tena, kipande anacholishwa mzazi ni cha kutia kinywani mara moja. Si hicho kinachovuruga sukari ya mwezi mzima. Kinachoivuruga ni yale yasiyotajwa sana: soda mbili tatu mezani, sahani iliyofurika wali, ndizi na viazi kwa pamoja, na keki iliyobaki, inayoliwa kwa chai ya sukari siku tatu mfululizo.

Soda moja ya mililita 350 hubeba takribani gramu 35 za sukari, sawa na vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000. Ikiwezekana, iwe nusu ya hapo. Soda moja tu imekwisha kuvuka nusu hiyo kabla keki haijakatwa.

Adabu ya kipande kidogo si ya kwetu peke yetu. Wachina, ambao mafundi wao walishiriki kujenga reli ya TAZARA inayopita Mbeya, wana keki ya mwezi, inayoliwa katika sikukuu ya katikati ya vuli. Ni keki nzito, yenye sukari na mafuta mengi. Kwa desturi, moja hukatwa vipande vyembamba, familia nzima ikagawana, kila mmoja na kikombe cha chai isiyotiwa sukari. Heshima imo katika kugawana, wala haipimwi kwa ukubwa wa kipande.

Iko hatari nyingine, nayo ni saa. Sherehe iliyoandikwa kuanza saa kumi na mbili jioni yaweza kuandaa chakula saa nne usiku. Mgonjwa aliyechoma insulini au kumeza glibenklamidi nyumbani, akaacha kula ili "abakize nafasi", anaweza kushukiwa na sukari ukumbini: atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa, na jirani zake watadhani amelewa. Ni salama zaidi atumie dawa na kula nyumbani kwa saa yake ya kawaida, kisha ukumbini aonje tu. Asiruke dawa, wala asiongeze dozi kwa kubahatisha eti kwa sababu atakula keki.

Sukari ikishuka, keki si tiba, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Hapo ndipo soda huwa dawa: nusu chupa, au vijiko vitatu vya sukari katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Haya yote yanaweza kusemwa kliniki kwa dakika tano. Kabla ya Pasaka, Krismasi na misimu ya kipaimara, muuguzi au daktari amuulize mgonjwa: una sherehe gani, itaanza saa ngapi, unatumia dawa ipi? Kisha wakubaliane: kipande kimoja cha keki, maji badala ya soda, wanga wa aina moja tu kwenye sahani, mboga nyingi. Ndugu nao waelezwe, ili meza ya wazee isikose maji.

Mzazi aliyeelekezwa hivyo atafungua kinywa mbele ya mwanawe bila hofu, na siku ya kliniki atarudi bila la kuficha.