Pikipiki ya Bei Chee, Helmeti Mbili

Mwezi huu tunayaacha kidogo maua na manukato, tunakwenda kwenye vumbi.

Wasomaji wengi mlio kwenye ndoa changa mnaniuliza swali moja: likizo inakuja, gari hatuna, hela yenyewe ya mawazo, tutasafirije wawili tuone kitu? Jibu langu ni fupi. Nunueni pikipiki iliyotumika hukohuko mnakokwenda, itumieni, mkiondoka iuzeni.

Usicheke. Vietnam huo ni utaratibu wa kawaida kabisa kwa wageni. Kijana wa Ulaya ananunua pikipiki kuukuu Hanoi, anakwenda nayo mpaka Ho Chi Minh City, kisha anamwuzia mgeni mwingine anayepandisha kaskazini. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Bonde la Kilombero linatosha.

Juni hadi Agosti 2024 mwenzangu alikuwa na mkataba wa kazi wa miezi mitatu Ifakara, mimi nikamfuata kwa likizo yangu ya siku 28. Kama hujafika, Ifakara ni mji wa tambarare uliojengewa jina na baiskeli. Mama anakwenda sokoni kwa baiskeli, mwanafunzi shuleni kwa baiskeli, mchele unapita na baiskeli. Ila bonde ni kubwa. Ukitaka kuona maporomoko ya Sanje kwenye Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, au kwenda Mlimba, au kuvuka mto kuelekea Mahenge, baiskeli itakutoa roho. Na ukihesabu nauli za bodaboda za watu wawili kwa mwezi mzima, utaona umeshalipia tairi, oili na chenji ya soda.

Sasa twende kwenye kununua, maana hapo ndipo wengi wanapolia.

Kwanza, usinunue pikipiki nzuri. Nunua pikipiki inayojulikana. Angalia pale kijiweni wanaendesha nini, chukua hiyohiyo. Kuna sababu ya kiufundi. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, pikipiki iliyobuniwa kwa nchi ambazo mwenye chombo anaweza kukaa miezi bila kukumbuka oili. Injini yake ilikuwa rahisi kueleweka na ngumu kufa. Viwanda vya China vikaiga, na ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina mnazoziona mtaani zina injini za ukoo huo. Boxer na TVS za India nazo zimeingia kila kijiji. Faida yake si sifa. Faida ni kwamba kebo ya klachi ikikatika mahali ambapo hata simu haishiki, fundi aliye chini ya mwembe anayo nyingine imening'inia kwenye msumari.

Pili, nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Mlipe hata kama hamtanunua. Fika asubuhi injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshawashwa na imepata moto, jiulize walikuwa wanaficha nini. Ikitoa moshi wa rangi ya bluu, inakula oili. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka kama ya papa, cheni na sproketi zote zinataka kubadilishwa, na hiyo unaikata kwenye bei. Tikisa gurudumu la nyuma kulia na kushoto. Likicheza, bushi au beringi zimekwisha. Kisha tazama fremu vizuri kama kuna mahali pamechomelewa.

Tatu, kadi. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Pikipiki ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa safi, inang'aa, bei ya kutupa. Muuzaji akatoa kadi ya fotokopi, akasema halisi iko kwa shemeji yake Morogoro. Fundi wetu akainama na kitambaa, akafuta namba ya injini, akakuta imekwanguliwa. Hakusema neno, alinyanyuka tu akasema, "Dada, twendeni tukanywe chai." Tulimwelewa.

Tuliyoichukua ilikuwa Boxer ya mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Rangi imechakaa, siti imeshonwa upya, lakini kadi halisi ipo mkononi, jina ni lake, namba ya chesisi na ya injini zinalingana. Sh1,350,000. Tukaandikishana mkataba kwa wakili, tukaenda TRA na TIN zetu kubadilisha umiliki. Wapo watakaokwambia, "Ya nini usumbufu wote huo kwa miezi mitatu?" Ya hivi: pikipiki ikigonga mtu, au ikikutwa kwenye tukio, anayetafutwa ni mwenye jina. Na kama mna mpango wa kuvuka mpaka wa nchi, kadi yenye jina la mtu mwingine ni kesi inayokusubiri. Bima nayo iwepo, na stika muihakiki kwenye mfumo wa TIRA, msiridhike na karatasi tu.

Leseni je? Ya gari haikuruhusu kuendesha pikipiki. Unahitaji yenye daraja A. Mwenzangu anayo, mimi sina, kwa hiyo nikawa abiria. Na hapo ndipo safu hii inapokuwa ya mapenzi, msomaji wangu.

Mwalimu alitupa pikipiki na helmeti moja. Siku ya kwanza mwenzangu akaivaa, akapiga kiki, akaniambia, "Panda twende, ni hapo Kivukoni tu." Nikasimama. Sikununa, sikupaza sauti. Nikamwuliza swali moja: "Yangu iko wapi?" Akasema barabara ni fupi, akasema ataendesha polepole, akasema Ifakara nzima abiria hawavai. Yote kweli. Nami nikabaki nimesimama. Mwisho akazima injini, akaenda dukani kwa miguu, akarudi na helmeti nyingine, akanifunga mkanda wa kidevuni mwenyewe. Hatukuanguka siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

Kwa nini nashikilia hivyo? Mwaka 2008 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 61 kuhusu helmeti za pikipiki. Ulionyesha kuwa zinapunguza hatari ya kifo katika ajali kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Tafiti hizo hazisemi kwamba kichwa cha dereva ni kigumu kuliko cha abiria. Mwanamume anayenunua pikipiki kwa ajili ya wawili na helmeti kwa ajili ya mmoja amekwambia kitu, hata kama hajafungua mdomo. Na mwanamke anayeendesha huku mumewe amekaa nyuma kichwa wazi, hivyohivyo. Ngoma droo.

Usiku ule tukakubaliana mambo matatu. Moja, hakuna kupiga mishikaki. Siti ni ya wawili, hata akitokea ndugu wa kumsogeza. Mbili, hatuendeshi giza likiingia, kwa sababu barabara za bonde zina ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na matrekta yasiyoonekana mpaka umefika. Tatu, nikimgonga begani mara mbili, anapunguza mwendo. Hapo hapo, bila kuuliza. Maswali tutayafanya tukishuka.

Hilo la tatu ndilo lililokuwa gumu. Mtu aliyeshika usukani anaona barabara, na aliyekaa nyuma anaona anavyoendeshwa. Siku tuliyokwenda Mahenge, kama kilomita 75 kutoka Ifakara, tulivuka Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa 2018. Kabla yake watu walivushwa na kivuko, na Januari 2016 kivuko kilipinduka mtoni. Baada ya Lupiro barabara ikaanza kupanda, changarawe zinateleza, lori liko mbele yetu linatutimulia vumbi. Nikaona mwenzangu anajiandaa kulipita. Nikagonga bega mara mbili.

Nilihisi mgongo wake ukikakamaa. Kwa kitambo hakupunguza, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kwa sababu mbili, lori na ndoa. Kisha akaachia mafuta, akashusha gia. Lori likapotea kwenye kona, na kwenye kona ileile likatokea basi linashuka, limekuja katikati ya barabara.

Tuliposimama kupumzika hakusema "umeniokoa," wala sikusema "nilikwambia." Aliniuliza tu, "Ulikuwa umeliona basi?" Nikamjibu sikuliona, niliogopa tu. Akatikisa kichwa taratibu. Tangu siku ile sijawahi kugonga bega nikangoja.

Msiende masika. Kuanzia Machi hadi Mei bonde linajaa maji, udongo mweusi unashika gurudumu kama ugali wa moto, na barabara nyingine hazipitiki kabisa. Lami sasa imefika Ifakara kutoka Kidatu, mtatelezesha raha kupitia Mang'ula na Kiberege, lakini ukitoka kwenye lami umetoka kweli. Bebeni tyubu ya akiba, plagi moja, kamba na maji ya kunywa. Kila siku asubuhi mmoja akague cheni, mwingine upepo wa tairi. Kazi ya dakika tano, na mnaanza siku mkiwa mnazungumza.

Mwisho wa Agosti tuliiuza kwa Sh1,250,000 kwa kijana mkulima wa mpunga, kadi mkononi, tukamsindikiza TRA. Laki moja, gharama za kubadilisha jina, bima, mafuta na pancha nne. Nimeona watu wakilipia hotelini zaidi ya hapo kwa siku tatu, na wakarudi hawasemeshani.

Alitaka kutulipa pungufu kidogo, tubaki na helmeti zetu. Mwenzangu akakataa. Akamwuliza, "Una mke?" Kijana akasema anaoa Desemba. Akampa zote mbili.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla hamjaenda kuangalia pikipiki, kaeni chini muulizane: ukiwa nyuma yangu ukaogopa, utaniambiaje? Na mimi nitasikia? Mkishindwa kujibu, pandeni basi. Nauli si mbaya.

Tuonane mwezi ujao.