Diwani ya mzee: mtaji usilale kwenye maboksi

MSTAAFU mwenye madaftari ya mashairi aliyotunga tangu ujana wake akishapokea kiinua mgongo, huja wazo la kupiga chapa diwani kwa gharama yake mwenyewe. Wazo si baya. Ubaya huanza pale anapoingia kwa mchapaji na kutoka ameagiza nakala 1,000.

Kinachomvuta ni bei ya nakala moja. Kwa mashine ya ofseti, gharama za mwanzo, yaani kupanga kurasa, kutengeneza pleti na kuandaa mashine, ni zile zile zikichapwa nakala 100 au 1,000. Oda ikiwa kubwa, kila nakala huonekana rahisi.

Chukua mfano wa gharama za mwanzo Sh 1,500,000, kisha karatasi, wino na kujalidi Sh 2,500 kwa nakala. Nakala 1,000 zitagharimu Sh 4,000,000, sawa na Sh 4,000 kila moja. Kitabu kikiuzwa Sh 10,000 na duka likakata asilimia 40, mzee anabaki na Sh 6,000. Lazima ziuzwe nakala 667 ndipo mtaji urudi. Hapo hajalipwa mpiga taipu, mhariri wala nauli ya kusambaza.

Hakuna mfanyabiashara makini wa Kariakoo anayejaza ghala kwa bidhaa ambayo hajaulizwa na wateja hata 50. Diwani isiyosomwa mashuleni haina mnunuzi wa jumla. Wanunuzi wake ni ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani na wapenzi wa ushairi wanaolijua jina lake. Hao wanahesabika.

Mashine za dijitali hazihitaji pleti. Tukiweka Sh 7,000 kwa nakala, nakala 100 ni Sh 700,000. Akiuza mwenyewe mkononi kwa Sh 10,000, nakala 70 zinarudisha fedha hiyo yote, na zikiisha anaagiza nyingine. Faida kwa nakala ni ndogo, lakini mambo yakienda kombo hapotezi Sh 4,000,000.

Wapo watakaosema mashairi ya maisha ya mtu si viazi, hayapimwi kwa mizani. Ni kweli. Lakini hata Walt Whitman wa Marekani, aliyejilipia uchapaji wa Leaves of Grass mwaka 1855, alianza na mashairi 12 na nakala zisizofika 800. Aliendelea kukiongeza na kukitoa upya hadi alipofariki mwaka 1892. Kitabu kilikua kidogo kidogo.

Tena mali yenyewe haimo kwenye maboksi, imo kwenye haki ya mtunzi. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, lakini kampuni ya Nelson iliendelea kutoa vitabu vyake katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Huo ni urithi wa watoto. Mzee asiutie saini kwa mchapaji ili apunguziwe bei, na asiondoke bila faili la kurasa zilizopangwa.

Njia ya busara ni kuandika kwanza majina ya wanunuzi na kupokea fedha zao kabla mashine haijawashwa. Nakala za kugawia wajukuu zihesabiwe kando, kama mchango wa harusi: ni gharama ya furaha, haidaiwi faida. Zinazobaki ndizo biashara, na biashara ina masharti yake.

Diwani inaweza kuchapwa mara ya pili na ya tatu. Kiinua mgongo hulipwa mara moja.