Solo Ichemke, Mwendo Usichemke

Katika muziki wa dansi, wimbo huanza taratibu kwa mashairi, kisha hufika mahali waimbaji wanapowapisha wacharazaji, tumba zinakazwa na gitaa la solo linashika usukani. Dar es Salaam sehemu hiyo huitwa chemko. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wakongo huiita sebene. Mpenzi wa bendi ya Mlimani Park au ya TPOK Jazz atakutajia wapiga solo wake bila kusita. Mpiga besi hukumbukwa siku akiharibu. Ndiyo maana ushauri anaopewa akiwa chipukizi haupimwi na mtu: unarithiwa tu, mazoezi hadi mazoezi. Nachukua madai matano kati ya yale yanayorudiwa sana.

Dai la kwanza: "Mwendo ni kazi ya mpiga dramu, wewe mfuate."

Anayefuata huchelewa. Ukisubiri kulisikia pigo ndipo uvute uzi, pigo limeshapita. Jukwaa likiwa pana mambo huzidi: sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo aliyesimama mita 10 kutoka kwenye dramu hulisikia pigo karibu sehemu 30 za elfu za sekunde baada ya kupigwa. Ndiyo sababu mojawapo ya wapiga besi wazoefu kupenda kusimama ubavuni mwa dramu. Lakini hata hapo hawafuati. Kila mmoja amelihesabu pigo mwenyewe, wanakutana juu yake.

Isitoshe, kosa la besi halifichiki nyuma ya dramu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha jaribio ambamo watu walisikilizishwa sauti mbili kwa pamoja, moja nene na moja nyembamba, kisha mojawapo ikawahishwa kidogo. Ubongo ulishtuka zaidi sauti nene ilipowahi, na waliokuwa wakigonga kidole kufuata mdundo waliyumbishwa zaidi na sauti hiyo hiyo. Besi ikiteleza, wanaocheza huteleza nayo, hata kama hawajui nani kawaponza.

Dai la pili: "Solo ikinoga, ongeza mbio kidogo."

Hapa watu huchanganya nguvu na kasi. Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika: mapigo manne yanakula sekunde 2 kamili. Bendi ikijisahau ikafika 132, mapigo hayo manne yanakula sekunde 1.8 tu. Mpiga solo aliyekuwa akipanga noti 16 humo ndani sasa anabanwa. Kifungu alichokuwa akikitamka kwa nafasi anaanza kukimbizana nacho. Aliyemsukuma ni yule aliyedhani anamsaidia.

Tena sebene haipati joto lake kwa mbio. Inalipata kwa marudio: kifungu kifupi cha gitaa kinazunguka, gitaa jingine linakijibu, kinageuzwa kidogo, kinazunguka tena. Masikio yakishazoea mzunguko, badiliko dogo tu linatosha kuinua ukumbi mzima. Mwendo ukiyumba, hakuna wa kuliona badiliko hilo, maana kila kitu kinabadilika.

Nakubali jambo moja. Ziko nyimbo zinazopandisha mwendo makusudi pale mashairi yanapoishia na chemko kuanza. Huo ni mpango wa bendi, wote wanaujua. Mkishaupanda mwendo mpya, kaeni hapo.

Dai la tatu: "Mpiga solo akipotea, mfuate aliko."

Dai hili lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inahusu mwimbaji zaidi. Mwimbaji akiruka beti, maneno hayarudi nyuma. Bendi yenye akili humfuata kabla msikilizaji hajang'amua. Mpiga solo ni tofauti. Mara nyingi hajapotea, ameamua kuivuka mipaka ya mzunguko, au kuchelewesha kifungu ili kitue mahali pasipotarajiwa. Ukimkimbilia, unamvurugia alichokuwa akikijenga.

Hata akiwa kapotea kweli, anachohitaji ni kusikia mzunguko unapoanzia. Katika sebene mzunguko huwa mfupi, hivyo nafasi ya kurudi haiko mbali. Katika jazi ya Marekani, ambako nyimbo nyingi zina mafungu 32 ya mapigo manne manne, kungoja ni kurefu zaidi, na mpiga besi hulazimika kuutaja mwanzo wa kila sehemu waziwazi kwa noti yake nene. Ubaki ulipo, upige kwa uwazi kuliko kawaida, mwachie mwenzio mlango. Ukiona bendi nzima imeshahama isipokuwa wewe, basi hama nayo. Ubishi hautawasaidia wanaocheza.

Dai la nne: "Kushika mwendo ni kupiga kila pigo, hasa la kwanza, bila kuacha pengo."

Wakuba wamelijibu hili zamani. Katika tumbao, mtindo wa besi aliosaidia kuusimika Israel López, maarufu kama Cachao, noti nzito hutangulia pigo la kwanza, na pigo lenyewe mara nyingi huachwa kimya. Santuri za Kuba za mfululizo wa GV zilianza kuuzwa Afrika miaka ya 1930, zikaipa rumba ya Kongo sehemu kubwa ya mbegu yake. Dansi letu nalo likachuma kutoka huko. Aliyelelewa na muziki huu amekuwa akicheza juu ya pigo lisilopigwa tangu utotoni.

Jamaika nako, Aston "Family Man" Barrett wa The Wailers alijenga besi zake juu ya mapengo mapana, na bado hakuna aliyewahi kukosa mahali pa kukanyaga. Pengo halivunji mwendo ikiwa mpigaji analihesabu. Linavunja pale anaponyamaza kwa kuwa hajui alipo.

Dai la tano: "Mwenye kipaji hahitaji metronomu."

Wengine hulipindua: wanasema metronomu inatosha. Wote wamekosea. Metronomu haikufundishi kucheza na binadamu, ila inakuambia unaegemea wapi, mbele au nyuma. Na kuifuata ikigonga kila pigo ni rahisi mno. Kwa wimbo wa mapigo 120, iweke 60 na uyasikie mapigo yake kuwa la pili na la nne. Ukizoea, iweke 30, ibaki na la nne peke yake. Kadiri inavyosema kidogo, ndivyo hesabu inavyohamia kwako.

Kisha kuna kipimo kisicho na huruma: rekodi solo nzima kwa simu mazoezini. Hesabu mapigo ya nusu dakika ya kwanza, halafu ya nusu dakika ya mwisho. Tofauti ikiwa kubwa, msianze kumsaka mpiga dramu. Mpiga solo anapochelewesha noti, uchelewaji huo ni mtamu kwa sababu kuna kitu ambacho hakikuchelewa, na kitu hicho kiko mikononi mwa mpiga besi.