Mnaogopa Muhogo Gani?

Nimechoka, jamani. Kila kikao cha waandishi chipukizi hapa Musoma hakikosi shairi la "mbegu za shetani". Muhogo una pembe, mahindi yana damu, mzungu kajificha nyuma ya pazia na sindano. Vina vimepangika, mizani imetimia. Lakini muulize mshairi huyo muhogo wa Bunda unaugua nini. Anageuka kutazama ziwa.

Unaugua michirizi ya kahawia. Nendeni vijijini Bunda, nendeni Butiama kwa Mwalimu, ambako wakubwa hufika kupiga picha kaburini na hakuna anayeomba jembe. Chimbeni. Juu shamba ni kijani, mama mwenyewe anahesabu magunia ya udaga. Chini mzizi umekauka, una mabaka ya kahawia, haupikiki wala haufai kusagwa. Virusi wake hubebwa na inzi weupe, na sisi wenyewe tunapopeana pingili jirani kwa jirani. Wala si ugonjwa wa jana: mtafiti Storey aliuandika kule Amani, Tanga, mwaka 1936.

Hapo hapo Amani kuna jambo lingine. Watafiti wa enzi hizo waliuzalisha muhogo na mti wa mpira, ndugu yake wa porini kutoka Brazil, wakitafuta kinga dhidi ya magonjwa. Urithi wa mpira ule ungalimo ndani ya baadhi ya mihogo ya Afrika Mashariki hadi leo. Mihogo hiyo watu wameila vizazi na vizazi, mbona sijasikia beti hata moja? Au kitu cha mkoloni kikizeeka kinageuka cha mababu?

Sasa tazameni Kenya. Watafiti walichukua kipande cha vinasaba vya virusi hao hao, wakakitia ndani ya muhogo, ili mmea umtambue adui na kumkatakata kabla hajaenea. Wakaujaribu Mtwapa, Kakamega na Alupe. Juni 2021 mamlaka yao ya usalama wa viumbe ikaupitisha. Kesi juu ya mazao ya namna hii zimefika mahakamani, wanavutana. Sawa! Wanavutana juu ya kitu walichokipima.

Sisi je? Mahindi ya kustahimili ukame yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri wa wakati huo, Adolf Mkenda, akatangaza kuyafuta. Kula naelewa mtu akikataa. Lakini hata kupima?

Mtasema kampuni zitatufunga kamba kwa mbegu. Hofu hiyo naiheshimu, na kwa mahindi ina uzito. Ila muhogo huununui kila msimu kama mahindi chotara. Unakata pingili, unampa shangazi, naye anampa wifi yake. Wenye mradi wa Kenya wamesema hawatatoza ada ya hakimiliki. Basi tuwabane waandike hivyo kwa Kiswahili, mkulima wa Butiama asome kabla hajapokea pingili. Na wataje nani atalipa mambo yakiharibika. Maswali hayo yanajadiliwa hotelini kwa Kiingereza, na sisi tunaojiita wenye lugha tunachonga pembe za shetani!

Sisemi muhogo huo uletwe kesho. Nataka upandwe kwenye kitalu chenye uzio, hapa kwetu, na watafiti wetu, tuone kama mzizi unaoza au hauozi.

Mhariri, toleo lijalo acha kurasa mbili wazi. Anayepinga aandike, hata kwa ushairi akitaka. Lakini atuambie yule mama wa Bunda apande pingili zipi msimu huu.