Goti kuvimba si bulozi

Sisi vijana wa Niemba tumechoka kunyamaza. Mwenzetu mmoja, goti lilianza kumuuma usiku. Tulisema ni mpira. Jamaa yake ikasema ni bulozi. Wakamkanda miezi, goti likazidi kuvimba. Siku alipofika Kalemie kupigwa radio, tayari ilikuwa kanseri ya mfupa.

Wandugu, tulitafuta, tukasoma. Inaitwa osteosarkoma. Ni ya nadra, lakini inashika sana vijana wenye kukomaa, mara nyingi karibu na goti. Zamani walikata mguu tu, na wengi walikufa. Tangu miaka ya 1970 waganga wanaongeza kemoterapi. Leo, penye matibabu kamili, kama haijasambaa mwilini, zaidi ya nusu wanapona. Dawa zake mbili, doksorubisini na sisplatini, ziko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima.

Za lazima kwa nani?

Hatuombi huruma. Wakubwa wa jimbo, tunataka mashine ya radio karibu na reli, na mgonjwa asafirishwe bila familia kuuza shamba. Na wewe kijana: goti likivimba na kuuma usiku, usikandwe. Enda upigwe picha mapema.

Mwenzetu anatembea na magongo. Kila siku anatuuliza: dawa iko wapi?