Usingizi wa Wapiga-Makasia

Njaa yavumilika siku nyingi. Usingizi hauna subira hiyo. Mwaka 1896 George Harbo na Frank Samuelsen, wazaliwa wa Norwe, walitoka New York kwa mashua isiyo na paa, wakafika visiwa vya Scilly, Uingereza, kwa siku 55. Mchana walivuta makasia pamoja. Usiku walipokezana zamu.

Siku hizi wavukao Atlantiki wawili-wawili hufuata desturi hii: muda wa saa mbili kasiani, muda wa saa mbili kupumzika, usiku na mchana. Lakini mapumziko si usingizi wote. Yapasa kula, kuosha chumvi mwilini, kutunza vidonda vya matako na viganja. (Mama mwenye mtoto mchanga atafahamu mara moja.) Baada ya siku chache akili huanza kudanganya, wengi wamesimulia sauti za watu pasipokuwa na mtu.

Saa ya hatari hasa ni ya kubadilishana zamu gizani, kwa maana aamshwaye hajaamka kweli. Ajifunge kamba kwanza, kisha aufunge mlango wa chumba nyuma yake. Mashua hizi zikipinduliwa na wimbi hujiinua zenyewe, ila si chumba kikijaa maji. Heri mwenzake asiache makasia mpaka ajibiwe kwa maneno kamili, wala si kwa mguno.

John Fairfax, aliyevuka peke yake mwaka 1969 kwa siku 180, toka Kanari hadi Florida, hakuwa na wa kumwamsha.